Kitabu cha Kuwatambua Ndege Wetu

Mtu aendaye kununua jembe hulishika mkononi, hulipima uzito, hulitazama bapa lake, tena huuliza kama linafaa kwa udongo wa shambani kwake, ndipo atoapo fedha yake. Lakini mtu yule yule akienda kununua kitabu, aghalabu hutazama jalada tu. Sisi wenyewe tumewahi kulifanya kosa hilo. Na kwa kuwa lilitufunza jambo kubwa kuhusu nchi yetu na watu wake, tumeona si vibaya kulisimulia hapa, ijapokuwa halitupi sifa.

Kilimarondo ni kata mojawapo ya Wilaya ya Nachingwea, Mkoa wa Lindi, katika nchi ya misitu ya miombo. Wakazi wa sehemu hizi za kusini, Wamwera, Wayao, Wamakua, Wangindo na Wamakonde, wameishi na misitu hiyo kwa kulima, kuwinda na kurina asali. Jina la Nachingwea lilipata kuvuma duniani kwa sababu ya Mpango wa Karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Watu walikuja na mitambo mikubwa na hesabu zilizofanywa mbali, wakang'oa miti kwa maelfu, na mwishowe karanga zilizotarajiwa hazikupatikana, kwa kuwa udongo na mvua za huku havikuwa vimechunguzwa vya kutosha. Tumeutaja mpango huo mapema kwa makusudi, maana sisi nasi, kwa kiasi chetu kidogo, tulikaribia kufanya vivyo hivyo.

Tulikuwa watatu: walimu wawili na bwana nyuki mmoja. Chanzo cha safari yetu kilikuwa mtoto wa shule aliyeleta darasani unyoya wa rangi ya samawati, akauliza ni wa ndege gani. Mmoja wetu, aliyekuwa akifundisha saa ile, aliutazama unyoya, akatazama nje, kisha akajibu, "Ni wa ndege tu." Mtoto akaketi. Jioni tulipokutana, mwenzetu huyo alitueleza kwamba jibu lile lilikuwa likimsumbua tangu asubuhi. Mtoto aulizaye jina akaambiwa "ndege tu" hafundishwi kitu, isipokuwa kwamba kuuliza hakuna faida. Basi tuliwaeleza wazazi, na baada ya mauzo ya korosho wakachanga fedha ya kununua kitabu kimoja cha kuwatambulisha watoto ndege wa kwao. Kimoja tu, wala hapakuwa na matumaini ya kuchanga tena upesi.

Mmoja wetu alipokwenda Dar es Salaam alikuta dukani kitabu kizuri mno. Karatasi zake ziling'aa, na picha zake zilikuwa kana kwamba ndege wataruka. Akakinunua bila kusita. Tulipokifungua Kilimarondo tulifurahi sote, na siku hiyo hiyo tukakipeleka kwa mzee mmoja, Myao, aliyekuwa mrina asali mashuhuri katika kijiji chetu, ili naye aone.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mmetuletea nini kutoka mjini?"

"Tumekuletea ndege wote, babu," mmoja wetu alijibu kwa majivuno.

"Wote? Haya, nionyesheni kwetu ni wapi."

Tulimfungulia ramani. Kidole chetu kilianzia Nairobi, kikapita Arusha na Moshi, kikateremka kidogo, na hapo ukurasa ukaisha. Kidole kikaendelea juu ya mkeka, kikasogea mpaka karibu na goti la mzee. "Nachingwea ingekuwa hapa," tukasema kwa sauti ndogo. Mzee aliutazama mkeka, kisha akatutazama sisi. "Basi hawa ni ndege wa wenzetu," akasema. "Wetu wako mkekani."

Kitabu hakikuwa na kosa. Jina lake lenyewe lilieleza waziwazi, kwa herufi kubwa, kwamba kinahusu Kenya na Tanzania ya kaskazini, na katika eneo hilo ni kitabu cha kutegemewa. Kosa lilikuwa letu sisi tuliosoma neno "Tanzania" tukaliacha lile lililolitangulia. Ndege wengi waliomo tuliwajua, maana ndege hawana mipaka kama watu. Lakini msitu wa miombo una ndege wake, na ndege hao huenea zaidi kuelekea Malawi, Zambia na Msumbiji kuliko kuelekea Nairobi. Mtoto wa Kilimarondo akipewa kitabu cha kaskazini, ndege asiyemwona humo atadhani hayupo duniani, au mbaya zaidi, atampa jina la ndege mwingine anayefanana naye.

Tulikiuza kitabu kile kwa mwalimu mmoja wa Arusha, tukaongeza fedha kidogo, na safari hii tukakaa kwanza kujiuliza: kitabu cha ndege ni chombo cha namna gani, na huchaguliwaje?

Zamani wataalamu walimtambua ndege akiwa amekwisha kupigwa risasi na kulazwa mezani, ili manyoya yake yahesabiwe. Mwaka 1934 Roger Tory Peterson alichapisha huko Marekani kitabu kidogo kilichoonyesha kwa mistari midogo zile alama chache zinazomtofautisha ndege mmoja na mwingine, hata mtu mwenye darubini aweze kumtambua ndege aliye hai mtini. Tangu hapo kitabu cha ndege kikawa cha kubebwa porini. Kwa upande wetu wa dunia, Mackworth-Praed na Grant walitoa juzuu mbili kubwa kuhusu ndege wa mashariki na kaskazini-mashariki mwa Afrika, mwaka 1952 na 1955. Ni hazina ya elimu, lakini ni mzigo wa kukaa kabatini. Mwaka 1963 John G. Williams, aliyekuwa mtaalamu wa ndege katika jumba la makumbusho la Nairobi, alitoa kitabu cha mkononi cha ndege wa Afrika ya Mashariki na ya Kati, na kwa miaka mingi hicho ndicho kilichokuwa mfukoni mwa wageni na wenyeji. Mwaka 2002 Terry Stevenson na John Fanshawe wakatoa kitabu cha ndege wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, na toleo lake la pili likatoka mwaka 2020. Viko pia vitabu vya Afrika yote iliyo kusini ya Sahara, kama kile cha Ian Sinclair na Peter Ryan cha mwaka 2003.

Katika kuvilinganisha tulijiwekea masharti manne, na tunayaeleza kwa faida ya yeyote atakayepewa kazi kama yetu.

Sharti la kwanza ni mipaka. Mnunuzi atafute kijiji chake kwenye ramani kabla ya kutazama picha hata moja. Kitabu kidogo mno humwacha nje, na kitabu kikubwa mno humzamisha. Kitabu cha Afrika yote ya kusini ya Sahara kina zaidi ya aina elfu mbili za ndege, na mtoto anayeanza atapotea kama mtu atafutaye jirani yake katika orodha ya watu wa nchi nzima.

Sharti la pili ni picha. Tulidhani kwanza kwamba picha ya kamera ni bora kuliko ya kuchorwa, kwa kuwa kamera haisemi uongo. Lakini kamera humpata ndege mmoja, katika mwanga mmoja, siku moja. Mchoraji hodari huwaweka pamoja dume, jike na kinda, wote wameelekea upande mmoja, ili tofauti zao zionekane kwa jicho moja. Hilo ndilo linalotakiwa.

Sharti la tatu ni mpangilio na uzito. Picha, ramani na maelezo vikae kurasa mbili zinazotazamana, kwani ndege hamngojei msomaji apekue. Tena kitabu kiweze kubebwa na mtoto wa miaka kumi na miwili kwa mkono mmoja.

Sharti la nne ni sauti, na hapa ndipo tulipoanza kuona upungufu wa vitabu vyote tulivyovishika. Msituni ndege husikika mara kumi kabla ya kuonekana mara moja. Lakini sauti yake ikiandikwa, huandikwa kwa masikio ya mwandishi. Yuko kekeo mmoja mwenye kifua chekundu ambaye Makaburu wa Afrika Kusini humsikia akisema "Piet-my-vrou," na Waingereza humsikia akisema kwa lugha yao kwamba mvua itanyesha. Ndege ni yule yule. Kila taifa limemtilia maneno yake mdomoni.

Kwa masharti hayo tulichagua kitabu cha Stevenson na Fanshawe, toleo la pili. Ramani zake zinafika Ruvuma. Tulipompelekea mzee hakutazama picha kwanza. Aliomba aonyeshwe Nachingwea, na kidole kilipotua juu ya karatasi alitikisa kichwa kukubali. "Sasa twendeni msituni," akasema, "tukaone kama kinasema kweli."

Tulikwenda wakati wa kiangazi, mzee, sisi watatu, na wanafunzi wanne. Hatukuwa tumetembea saa moja aliposimama ghafla. Juu ya mti ndege mdogo wa rangi ya udongo alikuwa akipiga kelele mfululizo, kama njiti zinazotikiswa ndani ya kiberiti. "Huyo ni sego," mzee akasema, akimtaja kwa Kiyao. Kisha akatoa sauti ambayo hatujui kuiandika vema: mtetemo mrefu wa ulimi, uliomalizikia kwa mguno mfupi wa kooni. Ndege akaruka mti wa pili, akingoja, akionyesha weupe wa pembeni mwa mkia wake. Tukamfuata, mzee akiita, ndege akijibu, mpaka penye mti wenye tundu, na nyuki wakiingia na kutoka. Mzee aliwasha moshi, akapasua kwa shoka, akatoa masega. Asali alitupa sisi. Nta na majana aliyatandaza juu ya majani mabichi, mahali peupe, akarudi nyuma. "Huo ni ujira wake," akasema.

Tulipokaa kivulini tulikifungua kitabu. Sego alikuwemo: dume mwenye koo jeusi na mdomo wa rangi ya waridi, jike asiye na weusi huo, na kinda mwenye manjano kooni na kifuani. Mzee alishangaa sana kumwona huyo wa manjano, kwani miaka yote alikuwa akimhesabu kuwa ndege mwingine kabisa. Kisha akauliza swali alilokaa nalo tangu ujana wake: "Mimi nimerina asali maisha yangu yote, lakini sijapata kuona kiota cha sego. Kitabu chenu kinasemaje?" Tukamsomea tukimfasiria, kwamba sego hajengi kiota. Hutaga mayai yake katika mashimo ya ndege wengine, kama keremkerem na kigogota, na kinda lake huzaliwa na kulabu mdomoni za kuwaulia makinda wa mwenye nyumba. Mzee alinyamaza kitambo. "Kumbe," akasema, "ndiyo maana anatafuta urafiki na watu. Kwa ndege wenzake amekwisha kuharibu."

Siku hiyo tuliona faida ya kitabu kwa macho yetu. Mzee aliyekuwa hajui kusoma alipata majibu mawili aliyoyakosa kwa miaka mingi. Lakini tuliona pia jambo ambalo picha na ramani haziwezi kulibeba, nalo ni ule wito wa mzee na maana yake.

Kuna watakaodhani kwamba wito ule ni mazoea tu. Sayansi inasema vingine. Mwaka 1609 kilichapishwa kitabu cha João dos Santos, padri Mreno aliyeishi Sofala, ambamo alieleza habari za ndege huyu anayependa nta na kuwaongoza watu penye asali. Mwaka 1777 Msweden Anders Sparrman alimpa jina la kitaalamu, na hata yeye, mgeni, hakuona jina lililofaa zaidi ya lile la kazi yake: Indicator, yaani mwonyeshaji. Mwaka 1989 Hussein Isack wa Kenya na mwenzake Reyer walionyesha kwamba warina asali wa Kiborana, katika sehemu wasizozizoea, walihitaji karibu saa tisa kwa wastani kupata mzinga mmoja wa nyuki pasipo ndege, na saa tatu hivi walipoongozwa naye. Mwaka 2016 Claire Spottiswoode na wenzake walifanya utafiti katika hifadhi ya Niassa, ng'ambo ya Ruvuma, pamoja na Wayao ambao ni ndugu wa hawa wa kwetu. Walikuta kwamba wito wa Kiyao, ule wa mtetemo na mguno, ulizidisha uwezekano wa kuongozwa na ndege kutoka kiasi cha asilimia 33 hadi 66, ukilinganishwa na sauti nyingine. Na mwaka 2023 Spottiswoode na Brian Wood wakaonyesha kwamba ndege wa Niassa huitikia zaidi wito wa Wayao, ilhali ndege wa nchi ya Wahadzabe, kaskazini mwa Tanzania, huitikia zaidi mluzi wa Wahadzabe.

Ndugu msomaji, tafakari maana ya jambo hili. Ndege wa aina moja husikiliza lugha ya watu wa mahali pake. Hii yaonyesha kwamba amejifunza kwao, kama wao walivyojifunza kwake. Basi siku wito utakaponyamaza Kilimarondo, watakaosahau hawatakuwa watu peke yao. Ndege nao watasahau, na hakuna kitabu kitakachowarudisha shuleni.

Mwaka 1962, nchi yetu ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Tangu hapo tumezoea kuuona utamaduni katika ngoma, nyimbo, vinyago na mavazi, na ni haki. Lakini mapatano ya mtu na ndege, yaliyofanywa bila maandishi na kutimizwa kwa kipande cha nta juu ya jani, nayo ni utamaduni. Hatusemi kila mtu arudi kukata miti na kuwasha moto msituni; bwana nyuki wetu angekuwa wa kwanza kutupinga, kwani kazi yake ni kufundisha mizinga isiyoharibu miti. Yeye mwenyewe alikiri njiani kwamba mizinga hiyo ndiyo inayomfanya sego akose kazi. Ndipo akapendekeza jambo ambalo sasa baadhi ya wafugaji nyuki wa kijijini wanalifanya: wakirina, hutenga majana na nta kidogo, huita kwa wito wa wazee, na kuviacha juu ya majani.

Kwa upande wetu tulinunua daftari, tukalifunga pamoja na kitabu. Kila ukurasa wa kitabu una ukurasa wake wa daftari. Humo wanafunzi huandika jina la Kimwera, la Kiyao, la Kingindo, na la Kiswahili kama lipo, pamoja na jina la mzee aliyelitoa. Kazi hii haikuwa rahisi. Mara jina moja lilitosha ndege watano, kama keremkerem, ambaye kitabu kinamgawa katika aina nyingi, mmojawapo akibeba jina la Richard Böhm, Mjerumani aliyesafiri katika nchi yetu na kufariki mwaka 1884. Mara ndege mmoja alikuwa na majina matatu katika nyumba moja, la baba, la mama na la bibi. Tuliyaandika yote. Uchaguzi wa jina sanifu una wenyewe, lakini hawataweza kuchagua lisilopata kuandikwa.

Mzee wetu alifariki katika masika yaliyofuata. Tulihesabu majina aliyotuachia: yalikuwa arobaini na matatu. Mbele ya jina la sego tulikuwa tumejaribu kuuandika wito wake, tukaufuta, tukajaribu tena, mpaka karatasi ikatoboka. Lakini mmoja wa wale wanafunzi wanne, yule yule aliyeleta unyoya wa samawati darasani, alikuwa akimfuata mzee msituni kila Jumamosi bila kutuambia. Juma lililopita alitoka nje ya darasa na wenzake, akasimama chini ya mwembe, akaita. Hakuna ndege aliyekuja, maana hapo ni uwanja wa shule na nyuki hawapo. Watoto walicheka, naye hakujali. Aliita mara ya pili, na wenzake wawili wakajaribu kumwiga.

Unyoya wake tumekwisha kuutambua: ni wa chole, na umebandikwa kwenye ukurasa wake wa daftari.